Mwalimu, Mimi ni Fundi Tu. Nitamfunza Nini?

Swali: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa stima hapa Umoja, nina miaka 54. Natengeneza pasi, feni na redio. Mbele ya kibanda changu kuna ukuta mfupi wa mtaro, na vijana hukaa hapo kutwa. Mmoja wao, wa miaka 16, kila nikifungua pasi huacha wenzake akaja kusimama mlangoni. Haongei. Juzi aliniuliza kwa nini ule waya wa kijani na manjano haupitishwi kwenye swichi. Nilimjibu, akarudi ukutani. Natamani kumshika mkono, lakini mke wangu anasema nitajiletea maneno. Tena mimi mwenyewe niliachia Form Two. Na wengine wakisikia, si watakuja wote kuomba pesa? – *Fundi wa Umoja*

Jibu: Fundi, huyo kijana ameshakuchagua. Wako watu wazima wanaozunguka Nairobi hii mwaka mzima wakitafuta kijana wa kuwasikiliza, nawe amekujia mlangoni na swali ambalo nusu ya wasomaji wangu hawawezi kulijibu, mimi nikiwemo.

Hiyo Form Two iweke kando. Mimi nilikuwa na diploma ya ualimu na miaka 31 ya chaki, na bado nilimwangusha mtoto. Mwaka niliostaafu, kanisa letu liliniunganisha na kijana wa Jericho aliyekuwa akisumbuliwa na hesabu. Tukakubaliana: kila Jumamosi, saa nne asubuhi, maktaba ya Kaloleni. Nilikwenda Jumamosi tano. Ya sita kulikuwa na mazishi kwetu, ya saba chama, ya nane sikumbuki hata ni nini, labda uvivu. Niliporudi, mkutubi aliniambia kijana alikuja mara tatu na daftari lake, akakaa meza ileile karibu na dirisha, kisha akaacha. Sikuwahi kumpata tena. Nilijua milinganyo yote ya Form Three, lakini alichohitaji ni mtu anayekuja.

Baadaye nilikuja kusoma kazi ya watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, iliyochapishwa mwaka 2002. Waliwafuatilia vijana waliounganishwa na watu wazima wa kujitolea wawe walezi wao, yaani wa kuwaongoza, kupitia shirika la huko liitwalo Big Brothers Big Sisters. Waliokaa na mlezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao waliachwa kabla ya miezi mitatu walijithamini kidogo kuliko walivyojithamini mwanzoni. Soma hapo mara mbili, Fundi. Ina maana ningemfaa zaidi yule kijana wangu kama nisingeanza kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia neno, jiulize kama unaweza kumpa saa mbili kwa juma, siku ileile, hadi mwaka uishe. Wewe una bahati: kibanda hakiendi mazishi, na siku ukisafiri unamwambia mapema. Ukiona huwezi, endelea kumjibu maswali tu, nalo si jambo dogo.

Ukiweza, usianze na mahubiri ya bangi na marafiki wabaya, atarudi ukutani na hutamwona tena. Mpe bisibisi na pasi iliyokufa. Mikono ikiwa kazini mdomo hufunguka wenyewe, na hapo ndipo utajua kwa nini hayuko shuleni. Huenda ni karo, na huenda ni jambo ambalo karo haiwezi kulitatua. Akitaka kurudi darasani, msindikize. Akitaka ufundi, NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani pale Industrial Area, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia Grade III, na mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya. Umeme wa nyumba za watu asiuguse peke yake. Kazi hiyo ina leseni yake kutoka EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, nawe unajua vizuri kuliko mimi stima inavyoua.

Sasa mama watoto. Hakukosea, msikilize. Nenda naye kwa mzazi wa kijana, wote wawili, mnywe chai, mseme siku na saa mtakazokuwa mkikutana. Mlango wa kibanda uwe wazi, asije usiku, na usimwambie kamwe "hii ibaki siri yetu". Siku moja ukipitia kanisa, msikiti au shirika la kulea vijana, usinune ukiombwa cheti cha tabia njema. Ni hati ya polisi ya kuonyesha kama una rekodi ya uhalifu; unakiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa ada na kuchukuliwa alama za vidole. Mimi ningemtilia shaka zaidi asiyekiuliza. Na kijana akikuambia anaumizwa nyumbani, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Halafu mwambie mkeo hakuna jipya hapa. Pwani binti alikuwa na somo yake, mwanamke wa kumfunda. Kwa Wakikuyu, kijana wa jandoni alikuwa na mutiiri wake, mtu wa kumshika mkono na kumwongoza. Kijiji kizima kilimjua mtu huyo ni nani, ndiyo maana hapakuwa na maneno.

Pesa? Mwambie siku ya kwanza: hapa kuna chai na kazi, mkopo hakuna. Lakini akianza kukushikia kazi ya mteja, mlipe, hata kama ni shilingi mia. Kumtumikisha mtoto bure halafu ukajiita mlezi wake, hilo silikubali.

Swali: Mwalimu, nafanya kazi benki Upper Hill, nina miaka 33. Ningependa kulea wasichana wawili wa sekondari huko Kayole, ila baada ya miezi minne nahamishiwa Kisumu. Nianze sasa? – *Dada wa Upper Hill*

Jibu: Hapana, dada. Umeshasoma hapo juu kilichompata yule wa Jericho. Kwa miezi hii minne, tafuta shule moja Kayole, uwaombe nafasi ya asubuhi moja uwaeleze Form Three kazi ya benki ilivyo hasa, pamoja na siku hesabu zinapokataa kulingana saa moja usiku na hakuna anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Usichukue namba ya mtu, usiahidi kurudi. Ukishatulia Kisumu na kujua Jumamosi zako zinakaaje, niandikie tena.