Afisa mikopo mpya, jua kwanza habari ya mtaji

Utaona amana zinaingia dirishani kila siku, halafu maombi yako ya mikopo yanarudi kutoka makao makuu yamekatwa nusu. Usidhani meneja anakubania. Amana ni deni letu kwa wateja. Kinachoamua tukopeshe hadi wapi ni mtaji, yaani fedha za wenye benki.

Hapa Tanzania benki ya huduma ndogo za fedha inatakiwa iwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 5, na mtaji wa msingi, yaani hisa za wenye benki na faida iliyobakizwa, usishuke chini ya asilimia 10 ya mali zilizopimwa kwa hatari, yaani mikopo na mali nyingine za benki, kila moja ikihesabiwa kwa kadiri ya hatari yake. Piga hesabu: mtaji wa bilioni 6 unabeba mikopo ya bilioni 60, basi. Milioni 600 zikipotelea kwa wadaiwa sugu, mtaji unabaki bilioni 5.4 na mikopo mwisho wake bilioni 54. Shilingi moja isiyorudi imeondoka na nafasi ya kukopesha shilingi kumi. Ndiyo maana bosi atakupigia asubuhi na mapema kuuliza rejesho la elfu arobaini la mama ntilie.

Mzaha hakuna. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru.

Katika kupima hatari, mkopo wa mfanyabiashara bila dhamana ya fedha huhesabiwa wote, ila dhamana za serikali, yaani hati ambazo serikali hukopea fedha, huhesabiwa sifuri. Kwa hiyo benki yenye mtaji mwembamba hukimbilia kuikopesha serikali, na mkulima wa mahindi anaambiwa asubiri msimu ujao. Binafsi silipendi hilo, lakini kanuni ndivyo zilivyo.

Kwa mteja, chunga ulimi. Ukimwambia “mama, mkopo umepita” kabla haujaidhinishwa, kesho yake yuko Kariakoo anachukua mzigo kwa mali kauli. Mkopo ukikatwa, deni la huko linabaki lake.

Utashawishiwa pia kumpa mdaiwa mkopo mpya alipie wa zamani, ili ripoti ya mwezi isomeke vizuri. Kataa. Deni bado lipo, tena limenenepa, na likipita siku 90 bila kulipwa benki inalitengea fedha sawa na deni lote kama hasara, na mtaji unaliwa. Mteja akichelewa siku mbili, acha simu, nenda dukani kwake uone kama rafu zina bidhaa.