Maswali ya Kazini: Nimeagizwa Kuwaeleza Wakubwa Habari ya Magari ya Gesi, Nianzie Wapi?

Swali

Shikamoo, Mshauri. Mimi ni afisa usafirishaji katika kampuni inayosambaza bidhaa za vyakula madukani hapa Dar es Salaam. Tunatumia kirikuu za petroli na Canter chache za dizeli. Mkurugenzi ameniagiza niwaeleze wajumbe wa menejimenti, kwa muda wa dakika ishirini, habari ya magari kutumia gesi, na kikao ni mwezi ujao. Nimekwisha kukusanya mambo mengi kutoka kwenye intaneti, kuanzia historia ya gesi ya Songo Songo hadi aina za mitungi, na slaidi zimefika arobaini. Hata hivyo sijui kama natakiwa kuwashawishi au kuwapa taarifa tu, na ninaogopa kuulizwa jambo nisilolijua mbele ya watu walionizidi umri na cheo. Naomba unielekeze.

*Afisa Usafirishaji, Dar es Salaam*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Ziache kwanza hizo slaidi arobaini, kwa sababu umeanza kutafuta majibu kabla ya kulijua swali. Agizo la "tueleze habari ya gesi" linaweza kuwa na maana tatu zilizo mbalimbali: huenda mkurugenzi anataka kujua tu wenzenu wanafanya nini, huenda bajeti ya mwaka ujao inaandaliwa na anahitaji makadirio, au huenda uamuzi umekaribia kufanyika na anataka wajumbe waelewe kabla ya kupiga kura. Utafiti wa jambo la kwanza unaweza kuumaliza kwa siku mbili, lakini wa jambo la tatu utakulazimu kuingia karakana na kupekua madaftari ya madereva.

Kumrudia mkubwa na kumuuliza si utovu wa adabu, mradi usiende mikono mitupu. Andika nusu ukurasa, umpelekee, useme: "Mkurugenzi, nimelielewa agizo lako hivi: kikao kinataka kujua kama kirikuu zetu zikifungwa mfumo wa gesi gharama ya mafuta itapungua kwa kiasi gani, na mambo gani yanaweza kutukwamisha. Canter nimeziweka kando kwa sasa. Kama kuna jingine unalolitaka, naomba uniongoze." Mkubwa mwenye shughuli nyingi atasahihisha maandishi upesi zaidi kuliko atakavyojibu swali la jumla, na masahihisho yake ndiyo yatakayokuwa ramani yako. Muulize pia ni nani watakaohudhuria, kwa kuwa meneja fedha na mkuu wa karakana watakusikiliza kwa masikio tofauti.

Kuhusu kushawishi au kutoa taarifa, umeambiwa ueleze, basi eleza. Mtu aliyetumwa kuleta taarifa akaanza kuuza hoja huwafanya wasikilizaji watafute alichokificha, na wakubwa ni wepesi wa kulinusa jambo hilo. Lakini kutoshawishi hakumaanishi kumwaga takwimu mezani na kukaa kimya. Unapaswa kuonyesha takwimu zinaelekea wapi na kwa masharti gani, na pendekezo lako ulihifadhi hadi utakapoulizwa. Mara nyingi utaulizwa, kwa hiyo liwe tayari katika sentensi mbili.

Sasa utafiti. Anzia ndani ya kampuni, kwa sababu hakuna tovuti yenye habari za magari yenu. Chukua madaftari ya safari na risiti za mafuta za miezi mitatu, upate kila gari linakwenda kilomita ngapi kwa siku na kwa lita. Ukikuta madaftari yamejazwa kwa kubahatisha (na si ajabu ukakuta hivyo), chagua gari moja, lijazwe tangi hadi juu, lifanye kazi yake ya kawaida kwa wiki, kisha lijazwe tena hadi juu. Lita zilizoingia mara ya pili, ukizilinganisha na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, ndizo ukweli wako.

Ukitoka hapo nenda kwenye bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nayo ndiyo rejea ambayo hakuna mjumbe atakayeibishia. Andika tarehe ya tangazo pembeni ya kila bei. Kikao kikiangukia siku moja baada ya Jumatano hiyo, hakikisha umebadilisha takwimu usiku wake, maana meneja fedha atakuwa amekwisha kuliona tangazo jipya. Bei ya gesi iulize kwenye vituo vyenyewe vya kujazia, na gharama ya kufunga mfumo iombe kwa maandishi kutoka karakana zaidi ya moja zilizoidhinishwa, ikieleza ukubwa wa mtungi na dhamana inayotolewa.

Hapo utakutana na mtego ambao huwanasa wengi. Petroli huuzwa kwa lita na gesi huuzwa kwa kilo. Anayeweka bei hizo mbili bega kwa bega kwenye slaidi anawapotosha wasikilizaji hata kama kila namba ni sahihi, kwa kuwa kilo moja ya gesi asilia hubeba nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Kipimo cha haki ni shilingi kwa kilomita. Nitakupa mfano wenye namba za kukadiria tu, ambazo wewe utazibadilisha kwa zako. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita na kirikuu inakwenda kilomita 12 kwa lita: hiyo ni shilingi 250 kwa kilomita. Tuseme gesi ni shilingi 1,600 kwa kilo na gari linakwenda kilomita 16 kwa kilo: hiyo ni shilingi 100. Tofauti ni shilingi 150. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, litaokoa shilingi 312,000 kwa mwezi, na kama kufunga mfumo kumegharimu shilingi milioni mbili, fedha hiyo itarudi ndani ya miezi saba.

Watu wengi wangeishia hapo na kupigiwa makofi. Wewe usiishie hapo. Amka alfajiri uende kwenye kituo ambacho madereva wenu wangekitumia, saa ileile ambayo wangekwenda, uhesabu muda ambao gari la mwisho kwenye foleni linakaa hadi kuondoka. Rudia mchana na jioni. Foleni za gesi Dar es Salaam kila mtu anazijua, lakini katika kikao kinachohitajika ni muda uliopimwa, kwa sababu malalamiko ya barabarani hayaingii kwenye hesabu. Turudi kwenye mfano wetu: foleni ikimnyima dereva safari moja kwa siku, na safari hiyo ingeiingizia kampuni faida ya shilingi 10,000, mwezi mmoja umepoteza shilingi 260,000. Akiba halisi imebaki shilingi 52,000, na ile milioni mbili itarudi baada ya zaidi ya miaka mitatu. Gari ni lilelile na gesi ni ileile. Kilichogeuza jibu ni foleni. Hiyo ndiyo habari ambayo menejimenti haiwezi kuipata kwa kusoma gazeti, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili nusu ya dakika zako ishirini.

Zungumza pia na wanaotumia. Dereva wa teksi au wa bajaji ya gesi atakueleza kwa dakika tano mambo ambayo karakana haitakuambia, kama vile nguvu ya gari kwenye mlima na nafasi ambayo mtungi umeila. Kwa gari la mizigo jambo hili ni zito: mtungi wa chuma una uzito wake, na kila kilo ya mtungi ni kilo ya bidhaa isiyopakiwa. Pima kapu la kirikuu kwa futi kabla na baada.

Canter zitaje kwa sentensi moja yenye sababu. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia, hivyo haibadilishwi kirahisi kutumia gesi peke yake. Mifumo iliyopo kwa kawaida huchanganya gesi na dizeli, na hesabu yake ni nyingine. Ukisema hivyo, mjumbe atakayeuliza "mbona hujagusa magari makubwa?" atakuwa amejibiwa.

Sasa ile historia. Ni kweli kwamba gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na kwamba ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Ni habari nzuri, na inauma kuitupa baada ya kuitafuta. Itupe. Bakiza kipande kimoja tu chenye kazi: gesi hii hutoka ardhini mwetu, ilhali petroli huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola, kwa hiyo bei ya gesi na ya petroli haziyumbishwi na mambo yaleyale. Mtu anayepanga bajeti anahitaji kipande hicho. Mwaka wa ugunduzi hautamsaidia kitu.

Jiandae vilevile kwa swali la usalama, ambalo litakuja bila shaka, na pengine litaletwa na mtu anayechanganya gesi hii na ile ya kupikia. Gesi ya kupikia ni propeni na buteni, ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutulia chini. Gesi asilia ya magari ni metheni kwa sehemu kubwa, ni nyepesi kuliko hewa, na ikivuja mahali pa wazi hupaa. Lakini huhifadhiwa kwa mgandamizo mkubwa sana, kiasi cha baa 200, ndiyo maana ubora wa mtungi na ukaguzi wake wa mara kwa mara si jambo la kubania fedha. Maelezo hayo yanatosha. Ukiongeza zaidi utakuwa umegeuza kikao kuwa darasa la kemia.

Katika kuwasilisha, tanguliza jibu: "Kwa magari yetu, gesi inapunguza gharama ya mafuta kwa kiasi hiki kwa kilomita, lakini faida hiyo inategemea muda wa kujaza." Kisha jedwali moja kubwa lenye kusomeka kutoka kiti cha nyuma, kisha namna ulivyopima, kisha mambo yasiyojulikana bado. Slaidi sita au saba zinatosha. Mengine yote yaweke kwenye kablasha ambalo wajumbe watapewa. Siku mbili kabla ya kikao, mwoneshe meneja fedha hesabu zako. Akikuta kosa, utalisahihisha ofisini mwake badala ya mbele ya wote. Asipolikuta, utakuwa umepata shahidi.

Na ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo sijalipima, nitalileta kwa maandishi Ijumaa." Kisha lilete Ijumaa.

Swali

Mshauri, mimi ni mtumishi wa umma Dodoma. Niliandaa wasilisho la nusu saa kwa wakuu wa idara. Nilipoingia nikaambiwa nina dakika kumi, nikasoma slaidi mbiombio na hakuna aliyeelewa. Nifanyeje siku nyingine?

*Mtumishi, Dodoma*

Jibu

Ratiba za wakubwa hukatwa kila siku, kwa hiyo andaa mawasilisho mawili tangu mwanzo. Lile fupi liandike kwanza, ukurasa mmoja usiohitaji projekta, kisha refu ulijenge juu yake. Ukipunguziwa muda usiongeze kasi. Funga kompyuta, gawa ukurasa huo, eleza mambo mawili yanayohitaji maelekezo yao, na dakika nne za mwisho uwaachie maswali. Wengine hudhani kuacha slaidi bila kuonyeshwa ni kupoteza kazi, lakini slaidi hizo ndizo zitakazokusaidia kujibu maswali.

Swali

Mshauri, hujambo? Ninafanya kazi katika idara ya mauzo ya hoteli hapa Mombasa. Meneja ametaka nieleze hali ya soko la wageni wa Pwani. Takwimu nilizopata zinapingana: zingine zinaonyesha wageni wameongezeka sana, zingine zinaonyesha vitanda vya hoteli havikuongezeka kujaa kwa kiwango hicho. Nitumie zipi?

*Afisa Mauzo, Mombasa*

Jibu

Sijambo, ndugu yangu. Huenda hazipingani hata kidogo. Tazama kila moja inahesabu nini. Hesabu ya wageni wanaoingia Kenya humhesabu mtu mpakani au uwanja wa ndege, awe amekuja kwa mkutano Nairobi, kumtembelea jamaa au kuogelea Diani. Hesabu ya vitanda vilivyolaliwa hotelini huhesabu usiku, na humo wamo Wakenya wenyewe waliotoka bara wakati wa likizo. Mgeni anayepanga nyumba ya kibinafsi yumo kwenye hesabu ya kwanza na hayumo kwenye ya pili. Taarifa ya uchumi ya kila mwaka ya KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya, huwa na hesabu zote mbili, kwa hiyo zichukue humo badala ya kuokota moja hapa na nyingine kule.

Kwa meneja wa hoteli, vitanda ndiyo habari. Weka vya Pwani kwanza, linganisha mwezi kwa mwezi na vya hoteli yenu, na idadi ya wanaoingia nchini iwe mstari mmoja wa maelezo chini ya jedwali. Tafuta hasa miezi ambayo Pwani yote ilijaa nanyi mkabaki na vyumba vitupu, maana hiyo ndiyo atakayotaka kuizungumzia.