Umeishia Horombo? Andika Horombo

Ndugu, umeuliza kama ujitambulishe kwa wasomaji wako kuwa mtaalamu wa kupanda Kilimanjaro ilhali uliishia Horombo, kituo cha vibanda kilicho chini ya kilele. Usithubutu. Moshi imejaa wapagazi na waongoza wageni, nao watakunasa kwenye kitu kidogo. Ukiandika kwamba ulipanda kwa njia ya Marangu na hema likavuja, umekwisha: njia hiyo watu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Ukidai Marangu ilikufikisha ukingo wa kreta pale Stella Point, umejichongea tena. Marangu hutokea Gilman's Point. Stella ni ya wanaopitia njia nyingine kama Machame. Na Gilman's si kileleni, bado kuna mwendo wa ukingoni hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Utambulisho wako uwe hivi: “Naishi Moshi. Nimepanda njia ya Marangu hadi Horombo, mita 3,720. Ya juu ya hapo nimeyapata kwa waongozaji.” Ongeza mwezi na mwaka, maana mvua za masika hubadilisha njia kabisa.

Picha ya kuazima iandikwe jina la mpigaji, kwa ruhusa yake. Kampuni ikikupandisha bure, sema mstari wa kwanza. Ukilificha hilo chini kabisa, msomaji ataona umemtega. Bei za viingilio vya hifadhi ziwekee tarehe, kwani hupanda. Ukikosea, usifute kimyakimya: acha kosa, weka sahihisho na siku uliyolifanya.

Hilo neno “mtaalamu” waachie wengine wakuite.