Binti amenyamaza? Usimwitie kikao

Dada, umeandika kwamba binti yako wa kidato cha pili tangu arudi likizo anajifungia chumbani, chakula anakidonoa tu, na ukimuuliza anajibu "sina kitu, mama". Pole sana. Mwaka juzi nilikuwa hapo ulipo, kwa mwanangu wa kiume.

Kosa nililofanya ni kuitisha kikao. Baba yake upande huu, mimi upande ule, mtoto katikati: "Haya tuambie, unakosa nini humu ndani?" Alitazama zulia nusu saa nzima. Tangu siku hiyo akawa anasubiri tulale ndipo ale.

Aliyemfungua mdomo ni mama yangu mdogo, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa macho. Hakumhoji. Kila jioni alimwita amkunie nazi. Mtoto juu ya mbuzi, yeye pembeni anapepeta mchele, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Siku ya nne au ya tano, huku mkono unazungusha kizio, akasema: "Bibi, mimi nikilala natamani nisiamke."

Mama mdogo alinisimulia baadaye kwamba mwili wote ulimtetemeka, lakini ungo hakuuweka chini. Akasema tu, "Tangu lini, mume wangu?" Yakatoka yote: alivyokuwa akidhalilishwa bwenini usiku, na aibu iliyomziba mdomo. Kisha akamuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wengi tunalikwepa swali hilo tukidhani tutampa mtoto wazo. Shirika la Afya Duniani linasema kuuliza hakumsukumi mtu huko. Mara nyingi kunampunguzia mzigo.

Na hakumwahidi siri. Hilo namshukuru mpaka leo. Alimwambia, "Hili silimudu peke yangu. Chagua tumwambie nani kwanza." Nikachaguliwa mimi. Asubuhi tulikuwa hospitali, kitengo cha afya ya akili, na muhula uliofuata alihamia shule ya kutwa.

Kwa hiyo dada, tafuta ni nani binti yako anamwamini. Shangazi, somo yake, mwalimu wa madrasa, jirani. Itakuuma kwamba si wewe, mimi iliniuma. Lakini mzazi ndiye anayeogopwa kuvunjwa moyo, na kwa wazee wetu shangazi na somo walikuwa na kazi hiyo tangu zamani. Mweleze huyo mtu mapema: asihubiri, asimlinganishe na wenzake, asikimbilie "mwombe Mungu utapona". Dua ziwepo, na kusikilizwa kuwepo.

Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata dakika. Dawa na sumu ya panya ziondoke ndani, hospitali iwe siku hiyohiyo. Kwa hapa Tanzania namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Umesema nywele zake hazijasukwa tangu afike. Shangazi yake yuko karibu? Mwombe aje amsuke, nawe toka uende sokoni.