Mchoraji Atazame Kwanza, Apake Baadaye

Mchoraji anayeingia studioni na kushika brashi papo hapo hujinyima sehemu iliyo bora ya kazi yake. Katika miaka yangu ya kuchora kwa rangi za mafuta nimeridhika kwamba uchoraji ni kazi ya macho kabla haujawa kazi ya mkono, na ushauri wangu kwa yeyote anayetaka picha zake ziwe na uhai ni huu: panga muda wako ili saa za kutazama zizidi saa za kupaka.

Kutazama huko huanza kabla ya turubai, yaani kitambaa kinachopakwa rangi. Mimi huchora kwanza kwa mkaa michoro midogo isiyozidi ukubwa wa kiganja, na ndani yake simtafuti mtu wala mti, bali natafuta penye giza, penye mwanga na pa katikati. Mingi kati ya michoro hiyo hutupwa, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa kosa la mpangilio lililokwisha kuingia kwenye turubai hugharimu rangi nyingi na subira nyingi zaidi kulirekebisha. Ukitaka kujua kama mpangilio umesimama, finya macho hadi mambo madogo yapotee. Mapande makubwa ya mwanga na kivuli yakiendelea kusomeka, picha ina mifupa. Yakichanganyikana yote kuwa kijivu kimoja, hakuna rangi nzuri itakayoiokoa.

Tabaka la kwanza mimi hulipaka kwa kahawia ya udongo iliyolegezwa kwa tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi, kisha sehemu za mwanga nazifuta kwa kitambaa mpaka weupe wa turubai uonekane tena. Kahawia hii hukauka upesi kwa sababu udongo wake una madini ya manganizi, na inafaa sana mwanzoni kwa kuwa inakulazimisha kuamua giza na mwanga pasipo kushawishiwa na uzuri wa rangi. Hapa ndipo penye kanuni ambayo kila mchoraji wa rangi za mafuta hana budi kuielewa, na si kuikariri tu: kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. Rangi hizi hazikauki kwa kupoteza maji kama akriliki, ambayo ni rangi ya maji, bali mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hushika oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Tabaka nono likiwekwa chini ya tabaka konda, la juu hutangulia kukauka, na la chini linapoendelea kujongea, la juu hupasuka. (Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani nayo yasirundikwe kamwe, maana hujipasha joto na kuweza kuwaka yenyewe, yatandazwe yakauke, au yatiwe katika chombo cha bati chenye maji na kifuniko.)

Kuhusu rangi zenyewe, nashauri uchache. Nyeupe, njano, nyekundu, bluu iliyokolea ya altramarini na kahawia ya udongo iliyochomwa zinatosha kwa kazi nyingi. Changanya mbili za mwisho kwa kisu na utapata giza zito kuliko unavyotarajia. Bluu ikizidi, kivuli hupoa na kurudi nyuma, kahawia ikizidi, hupata joto na kusogea mbele. Mchoraji aliyezoea kuongoza mchanganyiko huo kwa ncha ya kisu hujifunza mengi kuhusu vivuli kuliko yule anayekamua nyeusi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu.

Kisha rudi nyuma hatua kadhaa, tena mara nyingi. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao katika kioo, na pia waiache kwa muda kisha waiendee upya, kwa kuwa jicho lililokaa mno juu ya picha huanza kuyazoea makosa yake. Mimi nina kioo ukutani, nyuma ya mahali ninaposimama, na mara nyingi jicho lililokaa pembeni au bega lililopanda huonekana humo kabla halijaonekana kwenye turubai. Usiogope kubadili hata mambo makubwa. Picha za kamera ambazo mpigapicha Dora Maar alipiga mwaka 1937, mchoraji Picasso alipokuwa akichora Guernica, mchoro wake mkubwa kuhusu vita, zinaonyesha ngumi iliyoinuliwa juu ambayo baadaye iliondolewa kabisa. Fikra haikuwa imekamilika kichwani ikisubiri kunakiliwa. Ilitafutwa juu ya turubai, kwa kuweka na kuondoa.

Swali gumu ni lini kuacha. Mimi huacha pale ambapo kila mguso ninaotaka kuongeza hauna sababu ninayoweza kuitaja kwa maneno. Hapo naligeuzia turubai ukutani kwa wiki kadhaa, na nikiligeuza tena narekebisha lile tu linalonisumbua tangu mtazamo wa kwanza. Vanishi, yaani tabaka angavu la kulinda picha, nayo isubiri: miezi sita au zaidi kwa tabaka jembamba, na mwaka au zaidi pale rangi ilipopakwa nene, kwa kuwa uso mkavu unaweza kuficha rangi ambayo bado ni laini ndani.