Hiyo barua ya kuacha kazi iweke kwanza

Desemba imepita, na kama kawaida vijana wa ofisini wameanza kunijia mezani mmojammoja. Huyu anapiga picha za harusi, yule anashona vitenge, mwingine anaoka kama mimi. Swali ni lile lile: "Dada, nikiacha kazi sasa hivi si nitatoboa?" Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza. Nasema hapa mara moja, nisizunguke kila meza.

1. Usipige hesabu ya maisha kwa mauzo ya Desemba. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi ni mhasibu. Risiti ya teksi isiyo na tarehe naikataa mbele ya mwenyewe. Lakini nyumbani nilikuwa nauza keki ya kilo mbili kwa shilingi 60,000, natoa unga, mayai, siagi na aisingi, kinachobaki naita faida. LUKU ya umeme? Ililipwa na mshahara. Gesi, mshahara. Boda wa kupeleka keki Tabata, pamoja na hela yake ya kusubiri kwa sababu mwenye sherehe bado yuko saluni, mshahara. Dada wa kazi aliyekuwa anaosha mabakuli saa sita usiku, mshahara. Mhasibu mzima! Desemba ya 2024 oda zikafurika, nikaandika barua, nikatumikia notisi yangu ya siku 28, wenzangu wakaniandalia kasherehe ka kuniaga. Keki nilioka mwenyewe, na hakuna aliyelipa.

Machi 2025, Ramadhani na Kwaresima zikaanza ndani ya wiki moja. Mtu wa sherehe anajua maana yake: harusi za Waislamu zinasubiri Idi, za Wakristo zinasubiri Pasaka, sendofu hakuna, kichen pati hakuna. Kalenda hiyo naijua tangu utotoni. Sikuwahi kuihofia tu, kwa kuwa tarehe 25 mshahara uliingia bila kuuliza nani amefunga.

Jikoni kukiwa kimya nikafungua daftari la oda. Nikachukua kalamu nyekundu, nikamtia alama kila mteja aliyekuwa mtu wa ofisini, au shemeji wa mtu wa ofisini, au aliyeonja kipande kwenye bethidei ya mtu wa ofisini. Kurasa zikawa nyekundu. Soko langu lilikuwa ile korido niliyoiaga kwa mbwembwe! Hawakunisusa, hapana. Ila keki waliyoagiza nikipita na kikombe cha chai, sasa ilibidi wanipigie simu, na kwenye meza yangu alikuwa ameshakaa binti anayeuza sambusa.

Aprili mwanangu akapata homa. Dada wa mapokezi hospitalini akaingiza kadi ya bima, akanirudishia dirishani: "Haisomi, mama." Nikalipa taslimu, hela ya trei za mayai. Wiki hiyo hiyo nikaanza kutuma maombi ya kazi. Sasa nimeajiriwa ofisi nyingine na bado naoka, ila keki inajilipia umeme wake, gesi yake na boda wake. Bei ilipanda, wateja wengine wakanuna, nikawaacha wanune.

2. Soma mkataba kabla ya kuchapisha kadi za biashara. Kikiwepo kifungu cha mgongano wa maslahi, toa taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Na hizo kadi usizichapishe kwa printa ya ofisi. Wino ukiisha ninayesaini ununuzi ni mimi.

3. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ichukue kipindi kibovu cha biashara yako, na mshahara wa mwezi huo usiuguse. Ukimaliza mwezi bila kukopa, njoo tuongee.

4. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara mapema. Wa vyakula, usajili wa jiko uko TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Anayekutuma TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, amelala.

5. Bosi naye alipe kwanza. Kijana wetu mmoja amemshonea bosi suti kwa mkopo, "mwisho wa mwezi tutaonana." Miezi imeisha, wameonana kila siku. Kila akijipanga kudai anakumbuka fomu yake ya ruhusa iko mezani kwa mdaiwa. Juzi suti ilivaliwa kwenye kikao, tukaipigia makofi, yeye akaangalia dari.

6. Saa za mwajiri ni za mwajiri. Oda jibu mchana wakati wa kula au baada ya kazi, wala usikimbilie chooni kupokea simu. Kuta za choo chetu hazifiki juu. Wiki iliyopita idara nzima ilisikia kwamba mama wa Kimara hataki tena fondanti, anataka krimu ya kawaida, na hiyo advansi arudishiwe nusu.