Hifadhini bila gari: maswali yenu na majibu

Sina gari. Wenzangu wanasema hifadhi si za watu wa daladala. Ni kweli? (Dar es Salaam)

Si kweli, na maneno hayo yamewanyima wengi nchi yao wenyewe. Nenda Udzungwa. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 1,990 na ndani yake hakuna barabara za kutalii. Mwenye gari la kifahari hulipaki getini na kutembea kama wewe. Panda basi la Ifakara. Baada ya Mikumi basi litateremka hadi Kidatu, kwenye miwa iliyosimama pande zote za barabara, kisha Mang'ula. Njiani mtapita kijiji cha Sanje, na maporomoko yake ya zaidi ya mita 170 yatakuvuta. Usishuke! Anzia makao makuu Mang'ula, ulipie na upate mwongozaji. Beba simu yenye salio, maana malipo ni kwa namba ya malipo, si noti mkononi.

Nina donge langu. Kwenye geti la hifadhi nyingine mlinzi aliniuliza, "Gari umeacha wapi?" Nikamjibu nimekuja na bodaboda. Akanisimamisha juani hadi magari matatu yaliyonikuta pale yakapita. Mtembea kwa miguu amelipa kiingilio kilekile. Apokelewe kama mgeni.

Nauli ni shilingi ngapi?

Kila wiki swali hili! Nauli elekezi hutangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini. Kata tiketi dirishani, usimpe mpiga debe hela.

Naweza kwenda milima ya Uluguru, Morogoro, kwa treni ya SGR na kurudi Dar siku hiyohiyo?

Unaweza, ukiondoka na treni ya asubuhi. Stesheni ya Morogoro iko nje ya mji, kwa hiyo hesabu muda wa kwenda na kurudi. Tembea hadi maporomoko ya Choma, ukiwa na mwenyeji anayezijua njia. Wakati wa masika achana nayo: udongo mwekundu wa miteremko ile huteleza kama sabuni, na nimeona watu wakishuka kwa makalio.

Nataka kuona Kilimanjaro kwa siku moja, sina gari wala kampuni. (Moshi)

Daladala ya Marangu hukufikisha Marangu Mtoni. Hapo chukua bodaboda hadi getini. Lakini peke yako hupandi, mwongozaji ni lazima, hata kama unaishia kambi ya kwanza, Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Mpange siku moja kabla. Na bodaboda patana naye kwenda na kurudi, uchukue namba yake, udai kofia ngumu. Jioni getini pale usafiri huadimika, na ukungu hushuka mapema.